Siku ya Mkutano wa Mabasi

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa Murara kochi letu ili alibadilishie kitambaa. Nilimkuta ameinamia kiti cha basi, kile cha watu watatu, cha ngozi nyekundu iliyopasuka, anakichana kwa wembe. Sponji ikatoka, njano iliyogeuka kahawia, na pamoja nayo ikatoka harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na miaka minane: vumbi, jasho la wasafiri, na mazutu, ile dizeli ya mabasi. Fundi akaniuliza mara mbili nataka rangi gani. Nikamwambia nitarudi kesho yake, nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe mbele ya duka la jirani.

Watu wa rika langu hapa Goma, kila mmoja ana mahali pake alipolala wakati wa vita. Mwingine darasani, mwingine kanisani, mwingine chini ya turubai, mwingine kwenye baraza ya ndugu aliyemchoka. Mimi nililala ndani ya basi la Papa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba sisi ndio tuliokuwa na bahati.

Papa alikuwa shoferi, na basi lilikuwa lake mwenyewe. Alilinunua likiwa limeshazeeka, akalifanyia kazi kwenye njia ya Goma na Butembo mpaka kila mama wa sokoni akawa anamjua kwa jina. Nyumba yetu ilikuwa Rutshuru. Vita vilipofika huko, alitupakia mimi, Mama na mdogo wangu Pascal, akapakia na majirani wote walioweza kuingia, akashuka nasi kuelekea Goma. Tulipofika Kanyaruchinya, mlangoni mwa Goma, barabara ilikuwa imejaa watu wanaotembea kwa miguu, mbuzi, magodoro juu ya vichwa, chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizobeba wazee, na basi halikuweza tena kusogea. Akaliingiza pembeni, juu ya mawe meusi ya volkano, akazima moteri. Alisema tutalala pale siku moja.

Tulikaa pale zaidi ya mwaka. Barabara ilikuwa imekatwa, basi halikuwa na kazi, na sisi hatukuwa na nyumba, kwa hiyo Papa akaligeuza basi kuwa nyumba. Alifungua viti kimoja kimoja, akavipanga nje kama ukuta wa kuzuia upepo, akaacha kile cha shoferi na viwili vya mbele, ambavyo tuliviita saloni. Katikati aliweka kitanda chao, amekitenga kwa kitenge cha Mama. Alitoboa tundu kwenye bati la juu, akapitisha bomba la kutolea moshi wa babula, jiko letu la makaa, ili Mama aweze kupika ndani mvua ikinyesha. Mimi na Pascal tulilala nyuma kabisa, pale ilipokuwa benchi ndefu ya watu watano. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na bidoni mbili za mazutu, madumu ya plastiki, zimefunikwa kwa gunia. Nililala juu ya harufu yake kila siku mpaka nikaizoea kama harufu ya nyumba. Hakuna aliyeniambia kwamba zile bidoni zilikuwa siri. Mama aliniambia tu nisisogeze mshumaa huko nyuma.

Hatukuwa peke yetu. Mabasi manane yalisimama pale kwa mstari, yote yamekwama kama la kwetu, yote yamegeuka nyumba, na watu wa kambi ya wakimbizi iliyoota pale wakapaita Kartie ya Mabasi, yaani mtaa wa mabasi. La karibu yetu lilikuwa la Muzee Anselme, shoferi wa zamani ambaye nywele zote zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Basi lake halikuwa na moteri kabisa. Lilivutwa na lori mpaka pale. Lakini alikuwa amepanda maua ndani ya makopo ya maziwa, akayapanga kwenye ngazi ya mlango, na mjukuu wake Zawadi alikuwa rafiki yangu.

Jumapili baada ya misa wenye mabasi walikuwa wanatembeleana. Wanaume walipanda basi hili, wakashuka, wakapanda lile, wakaangalia mmoja ametengeneza etajeri ya kupangia vyombo namna gani, mwingine amefanya nini ili maji ya mvua yasivuje. Walibishana juu ya moteri na sanduku la vitesi, zile gia, kama watu ambao kesho yake wana safari. Papa alikuwa anacheka sana siku hizo. Nadhani pale, katikati ya wenzake, alisahau kwamba alikuwa mkimbizi. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, nikiwasikia wageni wanasifu rido za Mama, mapazia aliyoyashona kwa madirisha, na moyo unajaa majivuno.

Basi, jioni moja Papa alirudi kutoka kwa prezida wa kambi, akavua viatu, akamwambia Mama:

“Kesho iko mukutano ya benye mabasi. Prezida anakuya kupita basi kwa basi, anaangalia.”

“Anaangalia nini?” Mama akauliza.

Papa akanitupia jicho, akasema, “Tutaongea.”

Wakaongea nje, kwa sauti ya chini, Mama akiwa na kitambaa chake kichwani na mikono kiunoni. Sikusikia neno. Ila asubuhi nilimkimbilia Zawadi, na Zawadi, aliyenizidi mwaka mmoja na aliyejua kila kitu, aliniambia kwamba yalikuwa mashindano. Huko shuleni kwetu Rutshuru direkta alikuwa anapita darasa kwa darasa siku ya wazazi, na darasa safi linapewa zawadi. Hii ilikuwa namna ileile. Basi lenye vitu vingi na zuri kuliko mengine ndilo litashinda.

“Na atakayeshinda anapewa nini?”

Zawadi akafikiri kidogo. “Banamurudisha kwake,” akasema. “Kwa nyumba yake ya kweli.”

Mpaka leo sijui alilitoa wapi neno lile. Labda lilikuwa tu ndilo jambo ambalo yeye mwenyewe alilitaka kuliko yote. Mimi nililipokea kama Injili. Nilifagia basi mara tatu. Nilimwosha Pascal uso mpaka akalia. Niliiba maua mawili kutoka kwenye makopo ya Muzee Anselme, nikayachomeka pembeni ya volani, ule usukani wa Papa. Mama aliniangalia nikihangaika. Alikuwa amekaa kitandani, mikono yake imelala mapajani kama ya mtu mwingine.

Walikuja asubuhi hiyo, saa nne ikiwa imepita. Prezida wa kambi, mwanaume mrefu aliyetembea na daftari, padri mmoja, na nyuma yao mwanamke aliyevaa kandambili tofauti, moja ya bluu, moja ya kijani. Nyuma ya huyo mwanamke walifuata watu wa kambi, wengi, kimya. Wenye mabasi walikuwa wamesimama kila mmoja mbele ya mlango wake. Nikaona kweli ni mashindano.

Prezida alianza upande wa pili. Alipanda basi la kwanza, akachungulia, akashuka, akauliza swali, akaandika. Lile la pili hivyohivyo. Walipokaribia nikaanza kusikia maswali yake. Alikuwa anauliza: inawaka? Pneu za magurudumu ni nzima? Iko mazutu? Na kila mmoja alipojibu, nilihesabu kama nahesabu alama. La Muzee Anselme lilishindwa mara moja, halina moteri, nikamwonea Zawadi huruma. La Papa Kasereka, yule wa mwisho upande wa barabara, liliwaka, na alikuwa na mazutu kidogo, nusu ya bidoni. Wengine wote walisema hawana hata tone.

Kisha wakafika kwetu. Prezida akapanda, akaona rido, akaona saloni, akaona maua. Alisema, “Mama, mumetengeneza muzuri,” nami nikamkanyaga Pascal mguu kwa furaha. Akashuka, akasimama mbele ya Papa.

“Inawaka?”

“Inawaka,” Papa akajibu. Hangeweza kusema vingine. Kila Jumapili aliwasha moteri dakika kumi ili batiri isife, na kambi nzima ilikuwa inasikia.

“Mazutu?”

Papa aliangalia chini. Mama alikuwa nyuma yake, na nikaona ameushika mkono wa shati lake kwa nyuma, pale ambapo watu wa mbele hawakuona.

“Haiko,” Papa akasema. “Ilikwisha.”

Nilishangaa. Nilidhani amesahau. Prezida alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa kwenye daftari lake, anaandika, na mimi nikaona nyumba yetu ya Rutshuru, mlango wake wa kijani na muparachichi wa nyuma, vyote vinakwenda kwa Papa Kasereka kwa ajili ya nusu ya bidoni.

“Papa, iko!” nikapiga kelele. “Iko bidoni mbili! Ziko chini ya kitanda yangu! Zinajaa!”

Watu wengi namna ile, na nilisikia kuku wa mtu anakwaruza mawe. Papa aligeuka akaniangalia. Nimeurudia ule uso maisha yangu yote nikitafuta hasira ndani yake, na sijaipata. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina na mtu asiyemjua.

“Ile mazutu ni ya batoto bangu,” Mama akasema. Aliisema kwa prezida, lakini kwa nguvu, wote wasikie. “Siku moto ikifika hapa, nitabakimbizia wapi? Na miguu? Huyu mudogo?”

Ndipo yule mwanamke wa kandambili mbili akasogea mbele. Hakupiga kelele. Alisema, “Mama, na bangu? Bako tatu. Bako Rumangabo na tate, ule babu yao, na tate hawezi kutembea.”

Hapo prezida akaeleza, polepole, kama mtu anayesoma barua. Huko Rumangabo, kwenye njia ya Rutshuru, walikuwa wamebaki watu, wazee, watoto, wenye majeraha, wamejikusanya mahali pamoja. Wenye silaha wa pande zote wamekubali kwamba leo, mpaka jioni, magari ya kuwachukua yatapita. Leo tu. Padri alikuwa amekwenda kuomba magari Goma na amerudi mikono mitupu. Alipomaliza kueleza, hakumwomba Papa chochote. Alifunga daftari tu, akangoja.

Mama bado alikuwa ameshika lile shati. Papa alichukua vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, akavitoa.

“Mutoto amesema kweli,” akasema. “Tutoe vitanda.”

Nilijua tumeshinda. Nani angeniambia vingine? Wanaume waliingia, wakatoa kitanda cha Papa na Mama, wakatoa changu, sufuria, babula, sanduku la nguo, wakaviweka juu ya mawe. Viti vichache vikarudishwa ndani. Papa Kasereka naye alikuwa anatoa vyake. Bidoni zilipotolewa chini ya kitanda, mtu mmoja aliniangalia akatikisa kichwa, nami nikamchekea. Muzee Anselme alikuja na koti lake, akasema safari kama hii inataka mashoferi wawili, na ingawa basi lake halina moteri, yeye mwenyewe bado anayo. Papa akacheka kidogo. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia, na alikitoa kwa mtu mwingine.

“Papa, tunaenda wote?” nikamwuliza alipokuwa anapanda.

“Apana. Bakia na mama. Kamata Pascal mukono, asikanyage mawe.”

“Lakini tumeshinda.”

Hakunielewa. Aliniwekea kiganja kichwani, kizito, kinanuka mazutu, kisha akapanda. Mabasi mawili yaliondoka, rido za Mama zikipepea madirishani, kwa sababu katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kuzitoa.

Tulikaa siku nzima juu ya kitanda katikati ya mawe, nyumba yetu yote imetuzunguka, haina kuta. Watoto wa kambi walikuja kushika etajeri yetu, kufungua masufuria. Majirani walimwambia Mama aingize vitu kwao, wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa volkano. Alikataa. “Anarudi sasa hivi,” alisema. Kila saa alisema hivyo.

Walirudi jua likiwa bado halijazama. Tulisikia honi kwanza. Kambi nzima ilikimbilia barabarani. La Papa Kasereka lilitangulia, na la kwetu nyuma, limejaa mpaka mlango hauwezi kufungwa, watu juu ya bati, kuku wamefungwa kwenye kioo cha pembeni. Nilikimbia upande wa shoferi. Aliyeshika volani alikuwa Muzee Anselme.

Sikushtuka. Nilidhani Papa amechoka na amekaa ndani. Mama alisimama kwenye mlango, na watu wakaanza kushuka. Aliangalia kila uso. Aliangalia wanawake pia, aliangalia na watoto, kama vile Papa angeweza kujificha ndani ya mtu mwingine. Yule mwanamke wa kandambili alipiga yowe. Watoto wake watatu walikuwa wameshuka wameshikana mikono, na nyuma yao mzee amebebwa mgongoni. Alianguka chini akawakumbatia miguu. Mama akawapita akaingia ndani ya basi. Alikwenda mpaka nyuma. Tulisikia hatua zake kwenye bati, zinakwenda, zinarudi.

Muzee Anselme alishuka kwa shida. Alivua kofia.

“Kwa bariera ya benye silaha, mbele ya kufika Kibumba,” akasema. “Bale batu balikuwa na lori, shoferi wabo amekufa. Balisema basi ipite, lakini shoferi abakie, aendeshe lori yabo. Nilisema banikamate mimi, niko muzee. Balinicheka. Yeye akaniambia nikamate volani, nipeleke batu. Alisema, nitakuya na miguu.”

“Alisema nini tena?” Mama akauliza.

“Hivyo tu. Akaweka koti yake kwa bega, akashuka.”

Mvua ilianza. Watu wale hawakuwa na mahali pa kwenda, na Mama akafungua mlango wa basi akawaonyesha kwa mkono waingie. Akina mama na watoto wakajaa ndani ya nyumba yetu. Mahali pangu palilala mwanamke nisiyemjua na kichanga chake. Nilimchukia yule mwanamke. Nilimchukia na yule wa kandambili, aliyekuja kupiga magoti mbele ya Mama kumshukuru, na Mama akamwinua, akamwambia aende kuwakausha watoto.

Hakurudi. Siku za kwanza Mama alikwenda kila asubuhi mpaka barabarani, pale wanapotokea watu wa Rutshuru, akasimama. Alimwuliza prezida, alimwuliza padri, aliuliza kila aliyeshuka kutoka huko. Mmoja alisema amemwona anaendesha lori jeupe. Mwingine alisema lori lile lilichomwa. Hatukupata mwili, hatukupata koti, hatukupata siku ya kumlilia. Na mimi kwa miezi mingi nilikuwa namwambia Pascal asilie, kwamba Papa amekwenda Rutshuru kutengeneza nyumba, kwa sababu tulishinda. Nilimwambia hivyo mpaka akawa ananiuliza kama mlango utapakwa rangi ileile.

Aliyenifumbua macho ni Zawadi, tulipogombana juu ya kamba ya kuruka. Alisema, “Ni weye ulibaambia juu ya mazutu. Mama yako alikuwa anamuficha baba yako, ukamutoa.” Muzee Anselme alimsikia, akamchapa kofi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwa kofi lile nikajua kwamba ni kweli.

Sikumwambia Mama kwamba nimeelewa. Tulishuka Goma, basi likakatwa na wauza vyuma, Mama akauza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni mpaka vidole vyake vikawa na magamba yasiyotoka, akatusomesha. Pascal alijifunza useremala. Mimi ni mwalimu. Nina watoto wawili, na nimempita Papa umri. Akija leo atamkuta binti yake ni mkubwa wake. Katika miaka yote hiyo hatukuutaja ule mkutano, hata mara moja. Tuliposali kwa ajili yake, tulisali kama vile aliondoka tu.

Mwaka uliopita Mama aliugua. Nilikuwa namwogesha mchana mmoja, wajukuu wako shuleni, nyumba kimya. Nilikuwa nyuma yake, namkanda mgongo kwa kitambaa, na labda kwa sababu hakuniona uso, nikaweza.

“Mama,” nikasema, “ni mimi nilisema juu ya zile bidoni.”

Maji yalikuwa yanapoa. Nilijua anachotakiwa kusema mama, na nilikuwa nimejitayarisha kukisikia na kutokukiamini: ulikuwa mutoto, haikuwa kosa lako, ilikuwa mapenzi ya Mungu.

“Mi najua,” akasema. “Nilikukasirikia miaka miwili. Kila nilipokuangalia nilisikia ile sauti yako. Kuna siku nilitaka nikuache kwa masista, nikae na Pascal tu.”

Kitambaa kilisimama mkononi mwangu.

“Kila nilipokutilia chakula nilikuwa na kasirani,” akasema. “Lakini chakula nilikupa.”

Nilikaa chini pale pale kwenye sementi yenye maji, nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu mvua ya siku ile. Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akanitafuta kwa kupapasa mpaka akalipata bega langu, akauacha mkono wake pale. Baada ya muda akasema anasikia baridi, niende nikamletee maji mengine ya moto.